Kupandisha gari dogo mlimani wakati wa tope, na kulishusha salama

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kuja Moshi hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi, na mengi ni magari madogo: IST, Passo, Premio, Noah. Zaidi ya kilomita 500 ni lami tupu. Kazi inaanza kwenye kilomita mbili tatu za mwisho, pale unapoiacha lami ya Kibosho, Uru, Machame au Marangu na kuingia njia ya udongo inayokwenda kihambani, kwenye shamba la nyumbani la ukoo. Vuli inakuwa bado haijakatika, udongo mwekundu umelowa, na matairi yaliyokutoa Dar bila shida hayana cha kushika. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hali ni mbaya zaidi. Wenzetu wa Arusha wanaopanda kwenda Ng'iresi, Ilkiding'a au Olmotonyi kwenye miteremko ya Meru wanaijua habari hii hii.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari la kawaida na matairi ya lami, ambaye hana matairi ya kashata, yale yenye meno makubwa ya kushika tope, wala hana mpango wa kuyanunua kwa ajili ya wiki mbili za likizo. Nataka ushike jambo moja kabla ya mengine yote: gari likishindwa kupanda, umepata usumbufu. Gari likishindwa kusimama wakati wa kushuka, umepata ajali. Kwa hiyo unapoutazama mlima ulio mbele yako, usijiulize kama utaupanda. Jiulize kama utaweza kuushuka kesho asubuhi, baada ya mvua ya usiku, ukiwa na mama na watoto ndani. Kama jibu ni hapana, liache gari chini.

Anza na matairi uliyonayo

Piga magoti uyatazame yote manne, upande wa ndani pia, kwa sababu gari lenye wilalaimenti (mpangilio wa magurudumu) mbaya hula tairi ndani huku nje likionekana zima. Katikati ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Hivyo ni alama ya mwisho, milimita 1.6. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi hilo ni kipara na halifai hata kwenye lami ya mvua. Kwa tope la mlimani mimi nisingepanda na kitu chini ya milimita nne. Mfereji ukiwa na kina kifupi, tope linaujaza mzunguko wa kwanza tu, na kuanzia hapo unaendesha juu ya mpira laini usio na meno.

Soma pia umri. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira wa zamani hukakamaa, na mpira mgumu hauumi udongo hata kama kashata bado ni ndefu.

Hapa kuna jambo linalowapoteza wengi. Kwenye matairi ya mtumba kutoka Japani, na hata kwenye magari yenyewe yanaposhuka bandarini, yamo matairi ya theluji. Mengi utayatambua kwa mchoro ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Uso wake una vikato vyembamba mno, mamia, kama umechanjwa kwa wembe. Muuzaji atakuambia lina kashata nzuri, na kwa macho ni kweli. Lakini mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, na Moshi mjini hata alfajiri ya Julai hatufiki huko. Kwenye lami yenye joto linalika upesi na gari linayumba ukishika breki kwa nguvu. Na kwenye udongo wetu wa mfinyanzi, vile vikato vyembamba vinazibwa na tope havifunguki tena. Theluji yetu iko Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mbali na barabara zetu. Tairi la theluji si mbadala wa tairi la tope.

Herufi M+S (yaani tope na theluji) nazo zisikudanganye. Ni tamko la mtengenezaji kuhusu mpangilio wa kashata. Tairi lenye herufi hizo linaweza kufaa au lisifae. Angalia urefu na nafasi kati ya kashata, upana wa nafasi ndio unaoruhusu tope kutoka.

Ukiwa na matairi mawili mazima na mawili yaliyochoka, yafunge mazima nyuma. Najua gari linalovutwa na magurudumu ya mbele litapanda kwa shida zaidi hivyo, lakini nyuma ikiachia kwenye mteremko gari linageuka mzima mzima na huna muda wa kulirudisha. Bora zaidi yawe manne ya aina moja.

Ulizia njia, kisha itembee

Kwenye njia panda ya lami na udongo huwa kuna kijiwe cha bodaboda. Simama. Hao wamepita asubuhi hiyo, wewe umepita mwaka jana. Swali wanaloulizwa kila siku ni kama njia inapitika, na jibu huwa ndiyo, maana pikipiki inapita popote. Uliza hivi: "Habari za kazi wadogo zangu, kuna gari dogo lililopanda leo, na limeshuka?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo muhimu. Gari lililopanda na halijaonekana tena si ushahidi wa kitu.

Kisha panda kwa miguu ile sehemu mbaya, hata kama unamtegemea dereva mwenzako. Tazama vitu vitatu. Kwanza, kivuli. Chini ya migomba na miti mirefu udongo unabaki na utelezi saa nyingi baada ya sehemu ya jua kukauka, kwa hiyo njia inaweza kuwa kavu mita mia moja halafu ikakutupa kwenye kona moja yenye kivuli. Pili, maji ya mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Mfongo ukifurika au ukikatiza barabara, hapo palilowa hata siku ambayo mvua haikunyesha. Tatu, na hili ndilo la maana kuliko yote: gari likiserereka hapa, litakwenda wapi? Kama ni kwenye mtaro wa upande wa mlima, utaharibu bampa. Kama ni kwenye korongo, hapo si pa kujaribu.

Saa nayo inahesabika. Mvua ndogo iliyoanza sasa hivi ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inalainisha ngozi ya juu tu na chini pakabaki pagumu. Tairi linateleza juu ya ukoko. Ukiweza kungoja, ngoja jua la saa saba au saa nane mchana lipige. Usipange kushuka alfajiri kuwahi basi la Dar kama usiku kucha kumenyesha.

Kupunguza upepo, mzigo na vifaa

Upepo sahihi wa gari lako umeandikwa kwenye kibandiko mlangoni kwa dereva. Kwa magari madogo mengi ni kwenye psi 30 hivi. Kwenye tope laini na lenye kina, kupunguza hadi 22 au 24 kunaliongezea tairi eneo la kukanyaga, na tofauti utaiona. Usishuke chini ya 20, tairi linaweza kuvuka ringi ukikata kona. Kwenye ule utelezi mwembamba juu ya udongo mgumu, kupunguza upepo hakusaidii sana, kwa hiyo usijisumbue. Na usipunguze kabisa kama huna pampu ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Kurudi kwenye lami na upepo mdogo, ukafika kasi ya 80, kunachemsha tairi mpaka linapasuka.

Mzigo upange kwa kujua gari lako linasukumwa na magurudumu gani. IST, Passo na Premio nyingi zinavutwa na mbele. Ukijaza buti kwa mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi, kisha ukaelekeza pua juu, uzito wote unaegemea nyuma na magurudumu yanayovuta yanabaki mepesi. Mzigo upande kwa bodaboda, abiria wa nyuma watembee. Hais na Mark II zinazosukumwa na nyuma ni kinyume chake, mzigo kidogo nyuma unasaidia.

Beba jembe au koleo, kamba nene ya kuvutia, panga, magunia matupu mawili, kipande cha ubao imara cha kuwekea jeki, na tochi. Kagua pia kama ile ndoano ya kuvutia gari, inayofungwa kwa kuzungushwa kwenye bampa, bado imo kwenye mfuko wa spana. Magari mengi ya mtumba yanafika bila hiyo, na mwenye gari anagundua akiwa mtaroni.

Madereva wa malori hufunga minyororo kwenye matairi. Ukipata ya saizi yako, funga kwenye magurudumu yanayovuta, nenda taratibu, na uifungue kabla ya kugusa lami.

Kupanda

Chagua gia ukiwa chini, pasipo na mteremko, na usiibadilishe njiani. Kwa gari la manyuo, gia ya pili ni bora kuliko ya kwanza kama injini inaimudu, kwa sababu ya kwanza ina nguvu nyingi mno na inafanya tairi lizunguke hewani. Kwa otomatiki, weka 2 au L ili gari lisipandishe gia lenyewe katikati ya kona.

Magari mengine ya Kijapani yana kitufe kimeandikwa SNOW karibu na mkono wa gia. Wengi wetu hatukibonyezi kwa kuona kwamba hakituhusu. Kinatuhusu sana. Kikiwashwa, gari linaondoka kwa gia ya juu zaidi na nguvu inafika kwenye magurudumu taratibu, na hicho ndicho unachohitaji unapoondoka kwenye utelezi, uwe wa theluji au wa udongo wa Kibosho.

Subiri aliye mbele yako afike juu kabisa kabla hujaanza. Ukianza, nenda na mwendo mmoja usiobadilika, mguu wa mafuta utulie. Kasi ya kukimbilia mlima haihitajiki zaidi ya ile itakayokufikisha juu; ukiingia kona ya tope kwa kasi, usukani hautakusikiliza. Shika mgongo wa barabara, pale katikati palipoinuka, maana pembeni panakuvuta mtaroni. Kama malori yamechimba njia zao, pima kwa jicho: zikiwa na kina kidogo kuliko nafasi iliyo chini ya tumbo la gari lako zifuate, zitakushikilia usiende pembeni. Zikiwa na kina kirefu, tairi moja lipite juu ya tuta la katikati na jingine pembeni, ila kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Tairi likianza kuzunguka bila gari kusogea, toa mguu kwenye mafuta mara moja. Chezesha usukani kidogo kushoto na kulia, ncha za kashata zinaweza kupata udongo mpya. Isiposaidia, umeshindwa, na hapo ndipo unapohitaji kichwa kilichotulia.

Ukikwama katikati ya mlima

Usijaribu kugeuza gari. Gari lililokaa ubavu kwenye mteremko wa tope linaserereka lote kwa pamoja, na linaweza kubingirika. Pia usiweke fri ukaliacha lirudi lenyewe. Kanyaga breki lisimame, ingiza gia ya rivasi, mtu mmoja ashuke akuongoze akiwa pembeni na juu, asikae nyuma ya gari. Achia breki polepole na uiache injini ishike gari kwa gia ya rivasi, ukirudi kwa mstari ule ule uliopandia. Klachi usiiguse. Kama mbele inaanza kukimbilia pembeni, legeza breki kidogo ili magurudumu yazunguke na usukani ufanye kazi tena.

Kuna mbinu ya gari linalovutwa na mbele: kupanda kinyumenyume. Magurudumu yanayovuta yanakuwa upande wa chini, uzito unayaegemea, na gari linapanda pale liliposhindwa. Ni kweli inafanya kazi. Itumie kwa kipande kifupi kilichonyooka na chenye mtu wa kukuongoza, mahali pasipo na korongo.

Kushuka

Hapa ndipo nakuomba usome mara mbili.

Kabla ya mteremko kuanza, simama kabisa. Manyuo, gia ya kwanza. Otomatiki, L au 1, au B kama gari lako lina herufi hiyo. Achia breki, injini ishike gari. Mguu wa klachi uweke sakafuni mbali na pedali, kwa sababu ukiikanyaga umeikata injini na umebaki na breki peke yake. Na kamwe usishuke kwa fri kwa ajili ya kuokoa mafuta.

Breki ziguse kidogo kidogo, na uziguse pale gari limenyooka, kabla ya kona. Ndani ya kona usizikanyage. Gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, litatetemesha pedali na kutoa mlio. Usiogope na usipampu, kanyaga na uendelee kuongoza. Ujue tu kwamba kwenye tope laini ABS inaweza kuhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, kwa hiyo iache nafasi kubwa mbele yako. Gari lisilo na ABS, magurudumu yakijifunga, achia, kanyaga tena kwa upole, achia.

Nyuma ikianza kukupita, ondoa mguu kwenye breki, geuzia usukani upande ule ule nyuma inakokwenda, na macho yatazame njia unayotaka kuipita. Mikono hufuata macho. Anayelikazia macho korongo analiendea.

Ukiona gari limekushinda kabisa, chagua upande wa mlima. Lielekeze kwenye ukingo wa udongo au mtaro wa ndani, libanwe hapo na lisimame. Utalipa fundi wa bodi. Fanya uamuzi huo mapema, ukiwa bado na usukani.

Ukikutana na gari linalopanda, desturi ni kumpisha anayepanda, lakini wewe unayeshuka kwenye tope huenda usiweze kusimama. Dawa ni kutokutana. Tuma mtu atangulie hadi chini, piga honi kwenye kila kona, na ukungu ukishuka kama unavyoshuka Machame na Marangu jioni, washa taa za chini. Taa kamili zinarudi machoni kwako.

Abiria washuke watembee, hasa watoto. Najua kuna mvua na kuna nguo za kanisani. Watembee.

Kujinasua

Tairi linalozunguka linachimba kaburi lake, kwa hiyo zima tamaa ya kukanyaga mafuta. Chimba tope lililo mbele ya magurudumu yote manne, na lililoshika tumbo la gari. Weka ubao chini ya jeki, inua gurudumu, pachika mawe na kokoto, juu yake magunia matupu. Vijana watakimbilia kukata mgomba. Shina bichi la mgomba lina maji na likikanyagwa linakuwa utelezi mpya. Matawi makavu na mawe ni bora. Na tafadhali usikate masale, ile mimea iliyopandwa mpakani mwa kihamba cha mtu. Ni mpaka wake na ni heshima yake, na huna kisingizio cha kutosha.

Kama gari lako linakata nguvu lenyewe na taa ya utelezi inawakawaka, zima mfumo huo kwa kitufe cha TRC, toka, kisha uuwashe tena. Gari la manyuo litikise kwa kwanza na rivasi. La otomatiki subiri magurudumu yasimame kabla ya kubadilisha gia.

Wanaosukuma wakae kwenye kona za gari, wasikae nyuma ya tairi wala upande wa chini wa mteremko. Patana nao malipo kabla, kwa sauti ya heshima, maana wanaingia topeni na viatu vyao. Ukivutwa kwa kamba, ifunge kwenye ile ndoano au kwenye chesisi, usifunge kwenye bampa. Tupia koti au gunia lenye udongo katikati ya kamba ili ikikatika isiruke, na watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba yenyewe.

Ukishafika lami

Jaza upepo kwanza. Kisha kanyaga breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo zikauke. Ukiondoka kuelekea Arusha au Dar na usukani ukaanza kutetemeka kwenye kasi ya 70 au 80, mara nyingi si balansi: ni tope lililoganda upande wa ndani wa ringi. Simama mahali salama, likwangue kwa kijiti upande wa ndani, magurudumu yote. Ukisikia mlio mkali wa chuma kusagana, kuna kokoto imenasa kati ya diski ya breki na bati lake la kinga. Kurudi nyuma polepole mita chache mara nyingi huitoa. Pa kuosha, mwambie kijana apige maji chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu kwanza, kisha ukague mipira ya ekseli. Ukikuta umepasuka, ubadilishwe wiki hiyo hiyo, maana udongo ukishaingia humo, unakula chuma.